Gari Lililosuguliwa kwa Mchanga

Vijana wangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinivisha shati jipya, mkapiga makofi, halafu Nikasi, mmoja wenu, akasimama na kuniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, "hasa yale ya mwanzo." Hayo ya mwanzo nimejaribu kuyakwepa. Nilianza na namna ya kuchanganya rangi, nikachana karatasi. Nikaanza na ubaya wa thina za siku hizi, nikachana tena. Kila nikishika kalamu linakuja gari lile la bluu. Basi acha lije.

Mmeniuliza mara nyingi kwa nini mtu akisogelea gari lenye vumbi na kitambaa kikavu mimi nanyanyuka, hata kama niko katikati ya chakula. Kila mlipouliza niliwatuma dukani kununua msasa. Leo duka limefungwa.

Mimi sikuanza kama fundi rangi. Nilikuwa dereva wa lori la ushirika, nikibeba kahawa kutoka vijiji vya milimani, Kingerikiti na kwingineko, kuileta Mbinga mjini. Lori lenyewe lilikuwa na rangi tatu, na hakuna aliyekumbuka ipi ilitoka kiwandani. Kuliosha tuliliosha kwa kulivusha mtoni. Likikwaruzwa na tawi, tulishukuru kwamba tawi halikuingia kwenye kioo, maana kioo kingine kisingepatikana. Ile ilikuwa miaka ya kukosa vitu. Kwetu Lituhi, mama yangu alifua kwa majani ya mpapai na jivu, na masufuria akayasugua kwa mchanga wa ziwani mpaka yakang'aa kuliko yalivyotoka dukani. Kijiji kizima kilijua masufuria ya Mama Skolastika. Akiyaanika juu ya kichanja, wavuvi waliyaona kutoka ndani ya maji.

Halafu likaja soko huria. Ushirika ukawa si mnunuzi peke yake tena, na wakati wa mavuno Mbinga ikajaa watu wenye mizani zao. Ushirika ulipoanza kuyumba, nikapata kazi kwenye kampuni moja ndogo ya kununua kahawa. Meneja wetu alikuwa Bwana Lyimo, mtu wa Moshi, mpole, asiyepandisha sauti, aliyekuwa akipangusa kiti kabla ya kukaa hata nyumbani kwake. Msimu wa pili kampuni ikamletea pikapu mpya kabisa, bluu iliyokolea, viti bado vimevishwa nailoni. Watu walitoka sokoni kuja kuiona. Ukisimama karibu na mlango ulijiona mpaka meno.

Siku ileile Bwana Lyimo alinipeleka kwa Mzee Alkuini Kapinga, mpiga rangi pekee ambaye mji ulimwamini. Mzee alikuwa amejifunza kazi kwenye karakana ya misheni tangu ujana. Alifanya kazi amejifunga kitenge cha mkewe kichwani, kwa ajili ya vumbi, na hakuna aliyethubutu kumtania.

"Mzee, shikamoo. Nimekuletea dereva wangu," Bwana Lyimo alisema. "Mfundishe kulitunza hili. Sitaki liwe kama magari mengine ya hapa."

Tulipobaki wawili, Mzee Kapinga alichota vumbi la barabarani akaliweka kiganjani mwangu.

"Sugua vidole."

Nikasugua.

"Unasikia nini?"

"Linakwaruza, mzee."

"Vumbi la Mbinga ni jiwe lililosagwa. Ukilifuta likiwa kavu, unalichora gari kwa jiwe. Kwa hiyo maji kwanza. Maji mengi, kutoka juu kwenda chini, kabla mkono wako haujagusa popote. Umeelewa? Mkono baadaye."

Akanifundisha mengine ambayo ninyi mmeyasikia kwangu mpaka mmechoka. Oshea kivulini, bati likiwa limepoa. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Fulana ya pamba iliyochakaa ni bora kuliko kitambaa kipya. Sabuni ya unga ni ya nguo. Dizeli waachie wale wanaotaka gari ling'ae leo na kupauka kesho. Kinyesi cha ndege kisilale juu ya boneti, kilowanishe mpaka kilainike, usikikwangue. Pitisha kitambaa kwa kunyoosha, usizungushe. Na mafuta ya breki yakidondokea rangi, kimbia na maji, usisimame kumtafuta aliyeyamwaga.

Niliyashika yote. Kila asubuhi nililiosha gari lile kabla Bwana Lyimo hajanywa chai. Wakulima wakija kuegemea na mikono yenye utomvu wa kahawa, nilikohoa, nao wakasogea. Nilipendeza, nadhani. Hata dada yangu Regina, aliyekuwa akiuza usipa, dagaa wa ziwani, pale sokoni Mbinga, aliniambia nimeanza kutembea kama padri mgeni.

Baada ya mavuno Bwana Lyimo alitaka kuangalia kama kampuni ingeweza kununua mpunga wa ziwani. Tukateremka kwenda Lituhi. Barabara ile mnaijua sasa. Wakati ule ilikuwa vumbi jekundu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tulipofika chini karibu na ziwa tukakutana na wale vijidudu wanaopanda kutoka majini kama moshi. Boneti yote ikajaa wao. Gari la bluu lilifika kwetu likiwa na rangi ya tofali.

Bwana Lyimo alikuwa aende kwa mashua ya mashine pamoja na mwenyekiti wa kijiji kuangalia maghala upande wa Kihagara, alale huko, arudi kesho yake asubuhi. Kabla ya kupanda mashua alinipa funguo.

"Lala kwenu, Odilo. Pumzika. Ukipata maji, liondolee hili vumbi taratibu."

Nikaliegesha mbele ya nyumba ya mama. Baba alikuwa amefariki siku nyingi. Mama alikuwa amezoea kuniona nikishuka kwenye lori nikiwa na oili mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo alitoka, akalizunguka gari lote, akaja kunishika mikono yote miwili.

"Hili ndilo wanalokupa ulitunze?"

"Ndilo, mama."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Nilimpa zawadi zake, kitenge, sukari na mche mrefu wa sabuni ya kufulia, sabuni nzuri ambayo sasa ilipatikana kila duka. Aliinusa ile sabuni kama ua. Akaniandalia ugali wa muhogo na samaki, mbasa wa kuchemsha. Jua lilikuwa kali, bati la gari linaunguza, nikajisemea nitaliosha jua likiinama. Nikajinyoosha mkekani ndani, nikasinzia.

Niliamshwa na nyimbo. Wanawake walikuwa wakiimba nje, wimbo wa kutwanga, ule wenye mapigo mazito. Katikati ya wimbo kulikuwa na sauti nyingine, ya kukwaruza, ikifuata mapigo. Nilikaa kwanza. Ile sauti niliijua tangu utotoni, ni ya asubuhi zote za nyumbani kwetu. Nilichokuwa sijui ni kwa nini inatoka kwenye kitu kikubwa kiasi kile.

Nilipotoka, mama na majirani zake walikuwa wamelizunguka gari, kanga zimefungwa kiunoni, ndoo za maji ya ziwa chini, na mikononi mwao mashada ya nyuzi za mgomba. Mama alikuwa kwenye boneti. Alichota mchanga mweupe kwenye karai, akaupaka ile sabuni niliyomletea, akasugua kwa nguvu zake zote, duara baada ya duara, jasho likimtiririka. Mche wa sabuni ulikuwa umebaki kipande.

Waliponiona walipiga vigelegele.

"Amka uone!" mama aliniambia. "Vile vidudu vilikuwa vimeng'ang'ania, baba, lakini vimetoka. Tumelisugua lote. Bosi wako akirudi atajua kwamba umetoka kwa watu."

Gari lilikuwa bado limelowa, na likilowa huwezi kujua kila kitu. Lakini mlango wa dereva ulikuwa umeanza kukauka, na pale palipokauka palikuwa peupe. Nilisogea. Sikujiona meno. Sikujiona hata kichwa.

Wale akina mama walikuwa wakiningojea niseme kitu. Mmoja wao, Mama Kolumba, alikuwa ameacha unga wake nusu kinuni aje kusaidia. Mikono ya mama ilikuwa imechubuka kwenye vifundo.

"Asanteni, mama zangu," nilisema. "Mmefanya kazi kubwa."

Wakapiga vigelegele tena. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya nakojoa.

Jioni nililipitia kwa maji na fulana, huku nikijua maji hayarudishi rangi. Mama alikaa kizingitini akinitazama na kutabasamu. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikasema nimefurahi. Chakula sikukitaka, akadhani ni uchovu wa safari.

Asubuhi mashua ilitia nanga na Bwana Lyimo akaja kwa miguu pamoja na mwenyekiti. Alianza kwa adabu, kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za majini?"

"Salama, mama."

Halafu akaligeukia gari. Jua la asubuhi lilikuwa likilipiga ubavuni, saa mbaya kuliko zote kwa rangi iliyokwaruzwa. Lilionekana kama kioo ambacho mtu amekipumulia. Bwana Lyimo alisimama kidogo. Mama alikuwa pembeni yangu, ameshika kikapu cha mbasa wakavu aliomwandalia, uso wake tayari umeanza kucheka.

"Nani ameliosha gari hili?" aliuliza, kwa sauti yake ileile ya chini.

Mama alifungua kinywa. Nikamwahi.

"Ni mimi, bosi."

Bwana Lyimo akapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, mwanzo mpaka mwisho.

"Umejitahidi," alisema. "Umejitahidi sana, Odilo. Kazi kama hii sijawahi kuiona."

Mimi nilielewa. Mwenyekiti naye alielewa, akaangalia ziwani. Lakini mama hakumjua Bwana Lyimo, wala hakujua kwamba hasira yake ilikuwa inavaa nguo za sifa. Nilimwona akinigeukia. Kicheko kilikuwa kimetoka usoni. Aliweka kikapu chini miguuni pa mgeni, akasema, "Safari njema, baba," akaingia ndani. Mimi hakuniaga.

Bwana Lyimo alipanda bila kuligusa tena gari. Tulipoanza kupanda milima, penye baridi, alisema, "Kama kazi ilikuchosha ungeniambia." Hilo tu. Tulipofika Mbinga akanivua udereva. Nikapewa amri ya kulipeleka gari kwa Mzee Kapinga na kubaki naye kama kibarua mpaka litengenezeke. Dereva mwingine akaajiriwa, baba wa watoto, mtu mzuri. Mji ule ni mdogo. Kabla ya Jumapili kila aliyekutana nami aliniita Mchanga. "Vipi Mchanga, leo umeosha nini?" Mwalimu wa kwaya aliniita hivyo ndani ya kanisa, akaomba radhi, halafu akarudia.

Mtauliza kwa nini sikusema ukweli. Kuna wakati niliona ni heshima kwa mama: mzazi hawezi kusimama mbele ya mgeni aambiwe ameharibu. Lakini kulikuwa na jingine chini yake. Sikutaka Bwana Lyimo, na viti vyake vya kupanguswa, ajue kwamba nimetoka kwenye nyumba ambayo gari linasuguliwa kama sufuria. Niliona haya. Na kwa kuwa niliona haya juu ya mtu aliyechubua vidole kwa ajili yangu, niliona haya mara ya pili, na ile ya pili haikuwa na pa kuiweka.

Regina alikuja karakana na salamu. Alikuwa ametoka kuchukua usipa Lituhi.

"Umemfanya nini mama?" aliuliza. "Anasema nikuulize, mikono yake ilikuwa na ubaya gani hata ukaikana mbele ya bosi."

"Msalimie."

"Nimsalimie? Ndiyo jibu?"

"Msalimie, dada."

Aliniangalia, akasonya, akaondoka. Ningemwambia Regina, mama angejua siku hiyohiyo. Nikarudi kwenye mlango wa gari.

Kazi yenyewe ilinipa pa kujificha. Mzee Kapinga alinifundisha kusoma mkwaruzo: ukipitisha ukucha usikwame, uko juu juu, utatoka kwa kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, ukikwama, umeingia ndani. Wenye kina tuliupunguza kwa msasa wa maji, ule laini kabisa, kipande kimelowekwa ndani ya ndoo na kufungwa kwenye ubao mdogo, maji yakimiminika muda wote. Halafu kompaundi, halafu nta. Kila mara alinizuia. "Rangi ni nyembamba kuliko karatasi ya msalani, kijana. Huongezi chochote hapa. Unachukua. Ukichukua sana, umefika kwenye praima, rangi ya chini, na hadithi imekwisha." Boneti ilianza kuitika. Mlango wa dereva ukakataa.

Mchana mmoja nilikuwa nimepiga magoti upande wa pili wa gari, chini ya mlango, nikasikia mwanamke akibisha hodi kwa Mzee Kapinga. Nilimjua kabla hajamaliza neno. Alikuwa amepanda lori la mpunga kutoka Lituhi. Alikuja kuniuliza mwenyewe, kwa kuwa jibu la Regina halikumtosha, na huko mjini walimwelekeza huku. Lakini akina mama wa kwetu hawaanzi na shida. Alimwamkia, akauliza hali ya hewa, akauliza familia. Halafu akaliona gari.

"Baba, hili gari si lilikuwa jipya? Mbona mnalitengeneza?"

Mzee Kapinga alipenda kuulizwa. Nilitaka kusimama. Badala yake nikainama zaidi.

"Lilikuwa jipya, mama, likakutana na mjinga. Amelisugua kwa mchanga. Mchanga wa ziwani, kama sufuria! Punda ana akili kuliko huyo."

Nikasikia hatua za mama zikilisogelea gari.

"Kwani mchanga unaliharibu?"

"Lete kidole chako. Hapa. Pitisha. Unasikia? Sasa inama, tazama kwa upande wa jua. Unaona hayo maduara?"

"Nayaona."

"Ndiyo hayo. Miezi yote hii tunasugua na kungoja vifaa, na mlango huu itabidi tuupake upya, wala hautafanana."

"Na mwenye gari alisemaje?"

"Atasemaje? Amemvua dereva wake kazi. Yuko hapo nyuma. Wewe Mchanga, hebu simama mama akuone."

Nikasimama. Kompaundi ilikuwa imenijaa mpaka kwenye viwiko. Tulitazamana juu ya boneti, mama na mimi, na niliona jinsi kila kitu kilivyokuwa kikijipanga kichwani mwake: vigelegele, kiganja cha Bwana Lyimo, "umejitahidi", kikapu cha mbasa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Mzee Kapinga alinitazama, akamtazama, akaona tulivyofanana. Akafungua kile kitenge kichwani, akakishika mkononi.

"Marahaba," mama alinijibu. Kisha akamgeukia mzee. "Baba, punda ni mimi."

Mzee alianza kuomba radhi. Mama alimnyamazisha kwa mkono. Hakuwa amekasirika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama vidole vyake. Mimi nilirudi kusugua. Sikujua kitu kingine cha kufanya, na hilo nalo nalionea haya mpaka leo, kwamba mama yangu alikaa pale akiwa na uzito ule mimi nikampa mgongo na kusugua mlango.

Mwishowe alisema, "Kesho nakwenda kwa bosi wako."

"Mama, usiende. Watakucheka."

"Wewe si wamekucheka?"

Alilala kwa Regina. Asubuhi alivaa sare yake ya akina mama wa kanisani, akanitangulia kwenda ofisini. Msimu mpya ulikuwa umeanza. Wakulima walikuwa kwenye foleni na magunia yao, wengine kutoka Kingerikiti tangu alfajiri. Bwana Lyimo alikuwa amesimama penye mizani. Nilitumaini mama angeomba waende ndani. Hakuomba.

"Baba, mimi ni mama yake Odilo. Siku ile kule kwetu ulimwambia mwanangu amejitahidi. Nilikasirika moyoni, nikasema kwa nini sifa achukue yeye wakati kazi nimefanya mimi? Basi leo nimekuja kuchukua sifa zangu. Gari nililisugua mimi, na mchanga nilichota mimi. Yeye alikuwa amelala."

Foleni ililipuka kwa kicheko. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao mama zao wangefanya vilevile. Lakini walicheka mpaka mmoja akakalia gunia lake, na mama yangu akasimama katikati ya kicheko kile ameshika pindo la kitenge, akingoja kiishe. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliitazama sakafu. Ningeweza kwenda kusimama karibu naye, hatua chache tu. Sikwenda.

Bwana Lyimo hakucheka. Uso wake ulibadilika, akavuta kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya mama bila kukipangusa.

"Kaa, mama. Nilikuwa namkejeli mwanao siku ile. Sikujua."

"Nimeshaelewa, baba."

"Angeniambia ukweli nisingemfukuza."

"Alinionea haya," mama alisema. Alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na kicheko kikafa chenyewe.

Bwana Lyimo alieleza kwamba dereva mpya alikuwa na watoto na hakuwa na kosa. Mama akasema asimfukuze. Bwana Lyimo akataka kumrudisha yeye Lituhi kwa gari lilelile likishatengenezwa. Mama akasema asante, atapanda lori.

Nilimsindikiza mpaka yanapopakiwa malori ya kwenda ziwani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yaliyotoka ni haya:

"Mama, nilitaka kukuficha aibu."

"Ulinificha moja ukanipa nyingine. Nimekaa kule miezi nikidhani mwanangu hanitaki." Alikuwa anapanga mzigo wake, haniangalii. "Siku nyingine nikikosea niambie, hata mbele za watu. Mimi si gari jipya, Odilo, kwamba ukinigusa nitakwaruzika."

Akapanda, akakaa juu ya magunia, lori likaondoka.

Gari tulilimaliza. Boneti ilirudi vizuri. Mlango wa dereva tuliupaka upya, na kama alivyosema Mzee Kapinga, haukufanana. Kila lilipopita mjini niliutambua kwa mbali nikaangalia pengine. Msimu uliofuata Bwana Lyimo aliniambia nafasi ya udereva imepatikana. Nikamshukuru, nikabaki karakana. Mzee Kapinga hakuniita Mchanga tena, wala hakumruhusu mtu aniite hivyo mbele yake. Nilifanya naye kazi mpaka macho yake yakachoka, nikaendelea peke yangu, mkaja ninyi. Magari yakaongezeka, mengi yakiwa yamezeeka kwingine kabla ya kufika kwetu, na kila mwenye nalo aliliita jipya. Nimepaka ya mapadri, ya wafanyabiashara, na moja la maharusi ambalo mbuzi alilipanda asubuhi ya ndoa. Mteja akija na gari lililosuguliwa vibaya, mmeona kwamba simwulizi nani amefanya. Nawaomba na ninyi msiulize. Na msicheke kabla hamjageuka nyuma kuangalia ni nani amesimama.

Kuna siku moja zaidi, nami nitamaliza.

Miaka kadhaa baadaye mteja mmoja wa Mbinga aliniazima gari lake, jeusi, jipya, nikamwone mama aliyekuwa ameanza kuumwa miguu. Nilifika nalo likiwa limejaa vumbi kama lile la zamani. Mama alitoka na fimbo. Aliwafukuza watoto wote wakae mbali. Akaniagiza nilisogeze kivulini kwanza, lipoe. Akaniagiza ndoo mbili. Akaingia ndani akatoka na fulana ya marehemu baba, ya pamba, imefuliwa na kukunjwa. Sijui alimuuliza nani. Labda Regina, labda Mzee Kapinga mwenyewe, maana mama alikuwa akimtumia usipa kila mwaka.

Alichota maji kwa kata, akayamwaga juu ya paa, yakateremka mekundu. Akamwaga tena, na tena, mpaka yakateremka meupe. Halafu akanipa fulana, akarudi nyuma, akaweka mikono yake mgongoni, kama mtoto aliyeonywa dukani.

Nilimaliza kuliosha naye amesimama vilevile. Lilikuwa linang'aa.

"Njoo uguse, mama," nilimwambia.

"Hapana, mwanangu. Nisije nikakuletea balaa tena."

Alisema kwa wema kabisa. Alikuwa anacheka. Na mimi aibu ilinipanda kutoka miguuni, nzito kuliko ya ofisini, nzito kuliko ya kanisani, kwa sababu hii ilikuwa imekaa naye muda wote ule na alikuwa ameizoea. Nikaweka fulana chini. Nikaenda nikamshika mkono, wa kulia, nikamwongoza taratibu mpaka kwenye boneti. Alikaza kiwiko kidogo, kisha akaulegeza. Hakuweka kiganja. Aliligusa kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa, na akauacha pale.